Neno "Dani" Lastahili Makala Yake

Upo ubishi ambao, ukiusikia kwa mara ya kwanza, waweza kudhani ni wa watu waliokosa kazi. Ubishi wenyewe ni huu: je, neno moja la michezo ya kujihami ya Wajapani lastahili kupewa makala yake lenyewe katika kamusi elezo, au yatosha litajwe kwa mstari mmoja ndani ya makala ya judo au ya karate? Wako waonao kuwa kitabu cha maarifa ya binadamu hakina nafasi ya kupoteza kwa maneno ya uwanja wa mazoezi. Wako wengine watakao kila neno litamkwalo na mwalimu wa karate lipewe ukurasa wake. Nionavyo mimi, pande zote mbili zimekosea, na kosa lao ni moja: zinatoa hukumu kabla ya kuuliza neno lenyewe limebeba nini.

Ili tusizungumze hewani, na tuchukue neno moja tu tulipime. Neno hilo ni dani, au dan kama Wajapani wenyewe walitamkavyo. Maana yake ni ngazi au daraja. Mtu ajifunzaye judo huanzia katika madaraja ya chini yaitwayo kyu, na afikapo dani ya kwanza huvaa mkanda mweusi. Kutoka hapo hupanda dani ya pili, ya tatu na kuendelea, hadi ya kumi. Wanakarate nao hufanya vivyo hivyo, na wacheza kendo, mchezo wa panga za mianzi, nao wana dani zao.

Watumishi wa serikali na walimu, ambao maisha yao ya kazi yamejengwa juu ya madaraja, vyeti na barua za kupandishwa cheo, watalielewa jambo hili upesi kuliko watu wengine. Wao wajua kwamba daraja si neno tu. Nyuma ya daraja yupo aliyelibuni, ipo sababu ya kulibuni, lipo baraza lililoamua nani alipate, na wapo walionyimwa. Basi tuone kama dani nayo ina mambo hayo.

KAMUSI NA KAMUSI ELEZO

Kwanza yatupasa kutenganisha vitabu viwili ambavyo watu wengi huvichanganya. Kamusi hueleza neno. Kamusi elezo hueleza jambo. Anayefungua kamusi hutaka kujua neno lina maana gani, ni la ngeli ipi, na limetoka katika lugha gani. Akishayapata hayo hukifunga kitabu. Anayefungua kamusi elezo, ambayo wengine huiita ensaiklopidia, hutaka kujua jambo lilianzaje, nani alilianzisha, kwa nini, lilienea vipi, na lilileta nini katika maisha ya watu.

Tofauti hii twaweza kuiona vizuri kwa kuyatazama maneno yetu wenyewe yaliyokwenda ugenini. Neno safari limeingia katika kamusi za Kiingereza. Mwingereza alitafutaye hupata maelezo mafupi kwamba ni mwendo wa kwenda kutazama au kuwinda wanyama, na kwamba asili yake ni Kiswahili. Maelezo hayo yanamtosha. Lakini neno ujamaa halikuweza kuelezwa hivyo. Mgeni akiambiwa tu kuwa maana yake ni udugu au hali ya kuwa jamaa, atakuwa hajaambiwa kitu. Itabidi aelezwe maandishi ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1962, Azimio la Arusha la mwaka 1967, vijiji vya miaka ya 1970, na mijadala iliyofuata. Kwa sababu hiyo waandishi wa vitabu vya marejeo vya nchi za nje waliliacha neno hilo katika Kiswahili chake, wakalipa mahali pake. Hawakufanya hivyo kwa kutuonea huruma. Walifanya hivyo kwa kuwa hapakuwa na neno lao ambalo lingeweza kulibeba jambo lile zima.

Mizani iliyotumika kupima neno letu ndiyo tutakayoitumia kupima neno la Wajapani. Haitakuwa haki tudai wenzetu wayaeleze mambo yetu kwa kirefu, kisha sisi tuyaeleze ya wenzetu kwa mstari mmoja.

JE, NI JAMBO DOGO MNO?

Hoja ya kwanza ya wapinzani ni kwamba dani ni jambo dogo. Wao husema, kitabu kinachoeleza mito, nyota, magonjwa na mataifa hakiwezi kujishusha hadi kwenye rangi ya mikanda.

Hoja hii ina sura ya busara, lakini historia ya vitabu hivyo yaikanusha. Kamusi elezo iliyo mashuhuri kuliko zote za kale ni ile ya Wafaransa Diderot na d'Alembert, iliyotolewa kati ya mwaka 1751 na 1772, ikiwa na majuzuu 17 ya maandishi na 11 ya picha. Wahariri wale hawakudharau mambo madogo. Walikwenda katika karakana, wakaandika juu ya kazi za mikono ambazo wasomi wa zama zile waliziona kuwa ni za watu duni. Humo mna makala juu ya pini, hizi za kubania nguo, na makala hayo yaeleza hatua 18 za kuitengeneza pini moja. Mwaka 1776 Adam Smith, katika kitabu chake juu ya utajiri wa mataifa, alianza kueleza faida za kugawana kazi kwa mfano wa pini na hatua zake 18. Wanahistoria wengi huamini kuwa mfano huo chimbuko lake ni makala yale ya Wafaransa. Hivyo moja ya hoja kubwa katika elimu ya uchumi ilipitia katika jambo ambalo mhariri mwenye kiburi angelitupa. Tena wahariri hao hao waliupa mchezo wa kupigana kwa vitara picha na maelezo marefu. Hawakuona kuwa michezo ya kupigana ni nje ya maarifa.

Sasa tutazame upande wa pili. Kamusi elezo ya kwanza iliyoitwa Encyclopaedia Britannica ilichapishwa Edinburgh kati ya mwaka 1768 na 1771, katika majuzuu matatu. Humo magonjwa ya farasi yalipewa kurasa nyingi. Mwanamke alipewa maneno machache tu, kwamba ni jike la mwanamume, kisha msomaji akaelekezwa mahali pengine. Wahariri wale hawakuwa wajinga. Walikuwa watu wa zama zao, waliodhani wanajua lipi kubwa na lipi dogo. Leo tunawacheka. Mhariri wa leo asemaye kwa haraka kuwa jambo fulani ni dogo mno, na akumbuke kwamba wajukuu zake nao watakuja kumsoma. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Nakubali, hata hivyo, kwamba kwa lugha yetu hoja hii ina uzito wa pekee. Vitabu vya namna hii katika Kiswahili vingali vichache, na waandishi ni wachache zaidi. Mtu akisema tuanze na malaria, mahindi, katiba na bahari, kisha ndipo tufike kwenye dani, sitabishana naye. Lakini kutangulia ni jambo moja na kustahili ni jambo jingine. Mtoto wa mwisho katika foleni ya shule hana haki ndogo ya kusoma kuliko wa kwanza. Zamu yake tu ndiyo haijafika.

KWA NINI ISIWEKWE CHINI YA JUDO?

Hoja ya pili ndiyo yenye nguvu, na ndiyo iletwayo na watu wenye nia njema. Wao husema: hatukatai kuieleza dani, lakini tuieleze ndani ya makala ya judo, panapohusika. Kwa nini tuvunje jambo moja vipande viwili?

Jibu ni kwamba dani si mali ya judo. Ilikuwapo kabla ya judo, nayo imekwenda mahali ambapo judo haikufika.

Asili yake katika kupima watu iko kwenye mchezo wa go, mchezo wa ubao na vijiwe vyeupe na vyeusi, ambao Wajapani wameuenzi kwa karne nyingi. Katika karne ya 17 palikuwa na koo zilizopewa riziki na watawala kwa kazi ya kucheza na kufundisha mchezo huo. Honinbo Dosaku, aliyeishi kati ya mwaka 1645 na 1702, akiwa mkuu wa ukoo wa Honinbo, ndiye atajwaye kuwa aliweka utaratibu wa madaraja tisa ya wachezaji. Mcheza go hamwangushi mtu chini, wala hapigi teke. Huketi na kufikiri. Basi neno ambalo vijana wengi hudhani ni la ngumi na mateke lilizaliwa miongoni mwa watu waliokaa kimya mbele ya ubao.

Zaidi ya miaka 150 baada ya Dosaku alizaliwa Kano Jigoro, mwaka 1860. Kano, ambaye jina lake la ukoo hutangulia kwa desturi ya kwao, alikuwa mwalimu kwa kazi yake, na kwa miaka mingi aliongoza chuo cha juu cha ualimu mjini Tokyo. Mwaka 1882, katika hekalu la Eishoji, alianzisha shule ya judo iitwayo Kodokan. Katika shule za kale za jujutsu, mwanafunzi alipewa hati za ujuzi kwa hatua chache zilizoachana mbali sana. Aliweza kufanya mazoezi miaka mingi bila kupata alama yoyote ya kuonyesha amefika wapi. Kano aliona, kama mwalimu ye yote mzuri angeona, kwamba mwanafunzi asiyejua amefika wapi hukata tamaa. Akalichukua neno la wacheza go, akaligeuza kuwa ngazi fupi fupi za kupanda. Mwaka 1883 alitoa dani ya kwanza kwa wanafunzi wake wawili, Saigo Shiro na Tomita Tsunejiro. Mkanda mweusi kuwa alama ya dani ulifuata, mwaka 1886.

Hapa pana jambo ambalo kila mwalimu wa shule angependa kulijua. Ipo hadithi isimuliwayo katika viwanja vya mazoezi duniani kote, kwamba zamani za kale mwanafunzi alivaa mkanda mweupe asioufua kamwe, na kwa jasho na vumbi la miaka mingi ukageuka kuwa mweusi. Ni hadithi tamu, lakini si historia. Mkanda mweusi haukutokana na uchafu wala hautoki enzi za mashujaa wa panga. Uliwekwa na mwalimu wa shule, katika miaka ya 1880, wakati Ujapani ilipokuwa ikijenga shule na mitihani ya kisasa. Umri wake haufiki miaka 150. Mtu anayeamini kuwa daraja ni la tangu na tangu hulisujudia. Ajuaye kuwa lilibuniwa na binadamu kwa sababu maalumu huweza kuuliza kama sababu hiyo ingalipo.

Kutoka Kodokan dani ilisafiri. Funakoshi Gichin, mwalimu wa shule aliyezaliwa Okinawa mwaka 1868, alikwenda Tokyo mwaka 1922 kuonyesha karate ya kisiwani kwao. Kano alimkaribisha Kodokan. Karate ya Okinawa haikuwa na dani wala mikanda ya rangi. Mtu alijulikana kwa mwalimu wake na kwa uwezo wake. Mwaka 1924 Funakoshi akatoa kwa mara ya kwanza dani kwa wanafunzi wake wa karate. Okinawa ilikuwa imetwaliwa rasmi na Ujapani mwaka 1879, na mchezo wa visiwani, ili ukubaliwe huko bara, ulivaa mavazi ya bara. Dani ilikuwa mojawapo ya mavazi hayo.

Kisha ikavuka bahari. Ujapani iliitawala Korea tangu mwaka 1910 hadi 1945. Wakorea waliojifunza karate kwa Wajapani walirudi kwao na utaratibu huo wa madaraja, na taekwondo, jina lililoanza kutumika mwaka 1955, ikawa na dani zake hadi leo. Sisi tuliowahi kutawaliwa tunaielewa hali hiyo bila kufafanuliwa: mtawala aliondoka, lakini utaratibu wa madaraja ukabaki. Huko Ulaya nako, kati ya vita vikuu viwili, walimu wa judo wa London na Paris waliwavika wanafunzi wa madaraja ya chini mikanda ya rangi mbalimbali, ili nao wapate cha kujivunia kabla ya kufika dani. Hivyo mikanda ya manjano, kijani na buluu, ambayo wengi huidhani kuwa ni desturi ya Kijapani, kwa sehemu kubwa ilienezwa kutoka Ulaya.

Sasa na tumwulize mhariri atakaye dani iwekwe chini ya judo: habari ya Dosaku na ubao wake ataiweka wapi katika makala ya judo? Habari ya Okinawa na Korea je? Akiziweka humo, makala ya judo yatakuwa yamepotea njia. Akiziacha, msomaji atabaki na dhana potofu kwamba dani ni jambo la judo peke yake. Na msomaji wa karate, wa kendo au wa taekwondo naye atahitaji maelezo hayo hayo, kwa hiyo yatarudiwa mara nne au tano, kila mara yakiwa nusu. Utunzaji mzuri wa maarifa, kama utunzaji mzuri wa majalada ofisini, hudai jambo lihusulo idara nyingi liwe na jalada lake, na kila idara ielekezwe huko.

DANI NA HAKI YA MWANAMKE

Yote hayo ni mambo ya asili na safari ya neno. Lakini lipo jambo jingine, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Kila palipo na daraja pana anayelitoa, na kila palipo na anayetoa pana uwezekano wa dhuluma.

Fukuda Keiko alizaliwa Tokyo mwaka 1913. Babu yake, Fukuda Hachinosuke, alikuwa amemfundisha Kano jujutsu kabla Kano hajaanzisha judo. Mwaka 1935 Keiko aliingia katika sehemu ya wanawake ya Kodokan, akafundishwa na Kano mwenyewe. Baadaye alifundisha nchini kwake na nchi za nje, na hatimaye akafanya makao yake San Francisco, Marekani. Alipanda hadi dani ya tano, kisha akakwama hapo kwa miaka mingi. Hakukwama kwa kukosa ujuzi. Palikuwa na dari juu ya wanawake wote, na mwanamke hakupita dani ya tano hata angefundisha nusu ya dunia. Hata mkanda wenyewe ulitenganishwa: kwa miaka mingi mkanda mweusi wa mwanamke ulikuwa na mstari mweupe katikati, ili kila amwonaye ajue kuwa weusi wake si sawa na weusi wa mwanamume.

Watu walidai haki. Mwaka 1972 Kodokan ikakubali kutoa dani ya sita kwa wanawake wawili, Fukuda Keiko na Noritomi Masako. Mwaka 2006 ilimpa Fukuda dani ya tisa, naye akiwa na umri wa miaka zaidi ya 90. Dani ya kumi aliipata mwaka 2011, lakini haikutoka Kodokan. Alipewa na chama cha judo cha Marekani. Alifariki mwaka 2013. Ikumbukwe pia kwamba judo ya wanaume iliingia katika Michezo ya Olimpiki huko Tokyo mwaka 1964, ilhali wanawake walianza kushindania nishani mwaka 1992 huko Barcelona.

Kisa hiki tukiweke wapi? Tukikiweka katika makala ya judo, kitamezwa na kanuni za kuangusha na kubana. Tukikiweka katika maisha ya Fukuda peke yake, kitasomwa kama bahati mbaya ya mtu mmoja, kumbe ilikuwa ni kanuni iliyowagusa wanawake wote wa mchezo huo. Mahali pake hasa ni katika makala ya dani, kwa maana dani ndiyo iliyotumika kumzuia. Mhariri alipaye neno hili mstari mmoja, kwamba "dani ni daraja katika judo", hajasema uongo. Lakini ameufunika ukweli kwa kuufupisha.

Wala haki za wanawake si ubishi pekee. Hakuna chombo kimoja duniani chenye mamlaka juu ya dani zote. Kila mchezo una vyama vyake, na mchezo mmoja waweza kuwa na vyama vingi, kila kimoja kikitoa dani kwa kanuni zake. Dani ya tatu ya chama hiki yaweza kumgharimu mtu miaka ya jasho, na ya chama kile yaweza kupatikana kwa ada. Mzazi anayempeleka mtoto wake kwa mwalimu mwenye dani ya sita ana haki ya kujua kuwa swali la kwanza si "ya ngapi?" bali ni "umepewa na nani?" Maarifa ya namna hiyo yana faida kwa mwananchi wa kawaida, nayo hayapatikani katika mstari mmoja.

MPAKA UWE WAPI?

Baada ya kusema hayo, sina budi kuwageukia wale wa upande wa pili, wapenzi wa michezo hii watakao kila neno lake lipewe makala. Kwao nasema hapana. Neno hajime ni amri ya mwamuzi, na maana yake ni "anzeni". Neno mate ni amri ya kusimamisha pambano. Ukishasema hivyo umemaliza. Maneno hayo mahali pake ni katika kamusi, au katika orodha fupi mwishoni mwa makala ya judo. Majina ya namna za kuangusha mtu nayo ni mengi, na aghalabu kinachohitajika ni picha na mwalimu wa kusahihisha mguu ulipokosea. Hayo ni mambo ya kitabu cha mazoezi. Kwa upande mwingine, neno kata, yaani mfululizo wa mienendo iliyopangwa ambayo mwanafunzi huirudia peke yake au na mwenzake, laweza kustahili makala, kwa kuwa lina historia, lina shabaha ya kielimu, na limezua mabishano makubwa juu ya namna bora ya kufundisha.

Mizani nipendekezayo ina maswali matatu. Kwanza, je, neno lina historia yake, yenye watu, miaka na sababu, au lina maana tu? Pili, je, jambo hilo limevuka mipaka ya mchezo mmoja au limegusa maisha na haki za watu, kiasi kwamba hakuna makala mengine yawezayo kulibeba lote? Tatu, je, yapo maandishi ya kuaminika ya watu wasio na maslahi katika jambo lenyewe?

Swali hili la tatu lisipuuzwe. Makala mengi juu ya michezo ya kujihami huandikwa na wanafunzi wawasifuo walimu wao, na sifa hupita kiasi hadi hekaya zikageuka kuwa tarehe. Neno lisilo na shahidi mwingine ila wapenzi wake lisubiri. Dani haina shida hiyo. Wajapani wenyewe wamezoea kuyaandika mambo haya kwa utaratibu. Kamusi elezo yao kubwa ya mambo ya kale, Koji Ruien, iliyochapishwa kati ya mwaka 1896 na 1914, ilitenga sehemu nzima kwa ajili ya ustadi wa kupigana. Historia ya go, ya Kodokan na ya karate imechunguzwa pia na wataalamu wa nchi nyingi.

Tukilipima neno dani kwa maswali hayo, linapita yote matatu. Hajime haivuki hata la kwanza. Mizani hiyo haiulizi neno limetoka Ujapani au Unguja, wala haiulizi kama mhariri anaipenda michezo au anaichukia.

NA UGENI WA NENO JE?

Imebaki hoja ya tatu, ambayo nitaijibu kwa ufupi. Wapo wasemao kwamba ikiwa dani maana yake ni daraja, basi tuandike "daraja" na tuachane na neno la kigeni. Kulinda lugha yetu ni wajibu, nami ni mmoja wa wanaouheshimu wajibu huo. Lakini lugha hailindwi kwa kupunguza maana. Daraja katika Kiswahili lina kazi nyingi: lipo la mtoni, lipo la mshahara, lipo la mtihani wa kidato cha nne. Mtu akiambiwa kuwa fulani ana daraja la tatu, hatajua kama amesifiwa au amelaumiwa. Kiswahili kimepokea maneno kutoka Uarabuni, Uajemi, Bara Hindi, Ureno na Uingereza, kikayavalisha sauti na ngeli zake, na hakikudhoofika, kilitajirika. Tukisema "dani ya kwanza" na "dani ya kumi", tumelipa neno irabu yake na ngeli yake, nalo limekuwa letu bila kupoteza asili yake.

Hukumu yangu, basi, ni kwamba dani ipewe makala yake, ya kurasa mbili au tatu, yenye Dosaku na ubao wake, Kano na shule yake, Funakoshi na kisiwa chake, na Fukuda na dari lililomzuia. Makala ya judo, karate, kendo na taekwondo yamwelekeze msomaji huko. Hajime, mate na wenzake wakae katika orodha. Na mhariri, kabla ya kulitupa neno lolote kwa kuwa ni dogo au ni la mbali, aulize kwanza ni nani atakayesahauliwa pamoja nalo.